Kwa Nini Maji ya Chumvi na Sukari Humwokoa Anayeharisha

Mtoto akiharisha, watu wengi vijijini wanajua la kufanya. Huchanganya maji safi, chumvi na sukari, au huchukua pakiti ya ORS zahanati, wakamnywesha. Lakini ukiwauliza, "Kwa nini chumvi? Kwa nini sukari? Kwa nini yasiwe maji matupu?" wengi hunyamaza.

Mtu asiyejua sababu ya jambo huliacha upesi. Anampa mtoto kikombe kimoja. Mtoto anaendelea kuharisha. Basi anasema, "Dawa hii haifai kitu," na kuiweka kando. Mtoto anazidi kukauka. Usiku anakufa.

Kwa hiyo mwezi huu tutaeleza sababu. Tutaingia ndani ya utumbo wa mtu, mpaka kwenye chembe ndogo ambazo macho hayawezi kuziona. Soma polepole. Ukichoka, pumzika, kisha endelea. Kama nyumbani kuna asiyejua kusoma, msomee.

SELI NI NINI?

Nyumba hujengwa kwa matofali. Mwili wa mtu nao umejengwa kwa vitu vidogo vidogo sana. Vitu hivyo huitwa seli. Ngozi yako ni seli. Damu yako ina seli. Utumbo wako umefunikwa kwa seli upande wa ndani.

Seli ni ndogo mno. Huwezi kuiona kwa macho matupu. Wataalamu hutumia hadubini, yaani chombo chenye vioo vya kukuzia vitu.

Lakini seli haifanani na tofali kwa kila jambo. Tofali halina uhai. Seli ni hai. Inakula, inafanya kazi, inatoa uchafu, na mwisho inakufa na nyingine kushika nafasi yake. Kwa kuwa inakula, lazima iwe na njia ya kuingiza chakula. Habari yetu ya leo ni juu ya njia hiyo.

UKUTA WA MAFUTA

Fanya jaribio hili nyumbani. Chukua kikombe cha maji. Tia matone machache ya mafuta ya kupikia. Koroga. Subiri kidogo. Unaona nini? Mafuta yamejitenga na kuelea juu. Maji na mafuta havipatani.

Kila seli imezungukwa na ukuta mwembamba sana. Ukuta huo umetengenezwa hasa kwa mafuta. Kila chembe ya mafuta hayo ina kichwa na mikia miwili. Kichwa kinapenda maji. Mikia inayakataa maji.

Sasa, ndani ya seli kuna maji. Nje ya seli pia kuna maji. Mafuta haya yatajipangaje? Yanajipanga mistari miwili. Ni kama watu waliolala mistari miwili na kuelekezana miguu. Vichwa viko nje, huku na huku. Miguu imekutana katikati. Hivyo vichwa vinagusa maji, na mikia inajificha katikati, mahali pasipo na maji.

Ukuta huu ni mwembamba kiasi gani? Ukipanga kuta za namna hii 200,000, moja juu ya nyingine, utapata unene wa milimita 1 hivi.

Ukuta huu una faida kubwa. Unazuia maji ya ndani yasimwagike ovyo, na vitu vya nje visiingie ovyo. Hewa safi tunayovuta inaweza kuupenya yenyewe. Lakini chumvi haiwezi. Sukari haiwezi. Vitu hivi viwili huyeyuka katika maji, wala haviyeyuki katika mafuta. Vikifika kwenye ukuta wa mafuta, vinakwama.

Basi chumvi na sukari tunazokula huingiaje mwilini? Zinahitaji mlango.

MILANGO YA PROTINI

Umesikia neno protini kliniki. Muuguzi husema, "Mpe mtoto maharage, dagaa, mayai na maziwa apate protini." Mwili huivunja protini hiyo vipande vidogo. Kisha hutumia vipande hivyo kujenga protini zake wenyewe. Baadhi ya protini hizo ni milango ya seli.

Mlango wa protini ni uzi mrefu uliokunjwakunjwa. Huingia na kutoka katika ukuta wa mafuta kama uzi wa fundi cherehani unavyoingia na kutoka katika kitambaa. Mlango tutakaouzungumza leo hupita katika ukuta mara 14.

Je, uzi huo haukataliwi na mafuta? Haukataliwi. Sehemu zake zinazogusa mafuta ni zile zinazopenda mafuta. Sehemu zinazopenda maji zimegeuzwa ndani, mahali pa kupitia chumvi na sukari. Hivyo protini na mafuta vinashikana vizuri.

Fikiri juu ya mlango wa nyumba yako. Mlango hausimami hewani. Unashikwa na miimo, na miimo inashikwa na ukuta. Ukuta ukiwa mbovu, mlango utakwama. Ndivyo ilivyo katika seli. Kuna protini moja ya seli ambayo wataalamu waliivua mafuta yote yanayoizunguka. Protini ilikuwapo bado, lakini iliacha kufanya kazi. Protini na mafuta hufanya kazi pamoja.

MLANGO WA CHUMVI NA SUKARI

Sasa tuje kwenye utumbo mwembamba. Huku ndiko chakula na maji huingia mwilini. Seli za utumbo zina milango mingi. Mmoja ni muhimu sana kwa anayeharisha.

Kabla ya kuueleza, jua kwanza jambo hili. Chumvi ikiyeyuka katika maji hugawanyika sehemu mbili. Moja huitwa sodiamu. Nyingine huitwa kloridi. Sukari nayo ina aina nyingi. Aina ambayo seli huipenda zaidi huitwa glukosi. Sukari tunayotia katika chai hukatwa na mwili vipande viwili, na kimoja cha vipande hivyo ni glukosi. Uji, wali na ugali pia hukatwa na mwili na kuwa glukosi.

Mlango wetu una sharti. Haupitishi glukosi peke yake. Unataka chembe 2 za sodiamu na chembe 1 ya glukosi, zote pamoja. Ni kama mtumbwi wa kuvushia watu. Mwenye mtumbwi haondoki mpaka abiria wake 3 wametimia. Wakitimia, anavuka na kuwashusha ng'ambo. Kisha anarudi kuchukua wengine.

Nani anausukuma mtumbwi huu? Upande wa nyuma wa seli kuna protini nyingine. Hii ni pampu. Kazi yake ni kutoa sodiamu nje ya seli usiku na mchana. Kila mara inatoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Kwa sababu hiyo, ndani ya seli sodiamu huwa chache daima. Nafasi ikiwapo, sodiamu za utumboni hukimbilia kuingia, nazo huivuta glukosi kuingia pamoja nazo. Pampu hii iligunduliwa mwaka 1957 na Jens Skou wa Denmark. Mwaka 1997 alipewa zawadi ya Nobel kwa kazi hiyo. Naye Robert Crane wa Marekani alieleza mwaka 1960, katika mkutano wa wataalamu mjini Prague, kwamba sodiamu na glukosi huingia pamoja.

Na maji je? Kina mama wanalijua jibu. Ukikata kabichi na kuinyunyizia chumvi, baada ya muda utaona maji yametoka katika kabichi. Chumvi huvuta maji. Sukari pia huvuta maji. Basi chumvi na sukari zikiingia mwilini, maji huzifuata.

Hapo umeipata sababu. Maji matupu huingia kidogo, wala hayarudishi chumvi iliyopotea. Chumvi bila sukari hukosa mwenzake wa safari. Sukari bila chumvi hukosa mwenzake pia. Lakini vikiwa vyote vitatu kwa kipimo cha haki, maji huingia mwilini kwa wingi.

MWIZI ANAYESHIKA MAFUTA

Sasa tuutazame ugonjwa wa kipindupindu. Vijidudu vyake huingia tumboni kwa maji au chakula chenye uchafu wa choo. Mwaka 1884 daktari wa Ujerumani, Robert Koch, alivipata vijidudu hivyo kwa wagonjwa wa Calcutta, India. Lakini watu hawakujua vinauaje. Mwaka 1959 daktari wa huko huko Calcutta, Sambhu Nath De, alionyesha kwamba vijidudu hivyo hutoa sumu ndani ya utumbo. Sumu hiyo ndiyo inayouleta msiba.

Sumu ya kipindupindu ni protini. Ina sehemu 6. Sehemu 5 ni kama mikono. Sehemu 1 ni kama kisu.

Mikono hiyo inatafuta nini? Haitafuti mlango. Inatafuta mafuta! Kati ya mafuta ya ukuta wa seli kuna aina moja ambayo vichwa vyake vimebeba vipande vya sukari. Wataalamu huyaita mafuta hayo GM1. Mikono 5 ya sumu huyashika mafuta hayo kwa nguvu, kama kupe anavyoshika ngozi ya ng'ombe.

Seli ina desturi ya kumeza vitu vikubwa visivyopita mlangoni. Ukuta wake hubonyea ndani, kisha hujifunga na kuwa kifuko kidogo. Kifuko huingia ndani ya seli na mzigo wake. Hiyo ni njia ya kawaida na ina faida. Lakini hapa mwizi anaitumia. Sumu imeshikilia ukuta. Ukuta unapobonyea, sumu inaingia nayo. Seli imemkaribisha adui yake yenyewe.

Ndani ya seli, kile kisu hujitenga na mikono. Kisha hutoa amri ya uongo. Seli inafungua milango ya kutolea kloridi na kuiacha wazi. Kloridi inamwagika utumboni. Sodiamu inaifuata. Maji nayo yanafuata chumvi. Mgonjwa anaharisha maji kama ya mchele ulioshwa. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa. Asiposaidiwa, anaweza kufa kabla siku haijaisha.

MLANGO MMOJA HAUKUFUNGWA

Lakini hapa ndipo penye habari njema, ndugu msomaji. Sumu imefungua milango ya kutolea. Haikuufunga ule mlango wa kuingizia chumvi na sukari pamoja. Mtumbwi wetu bado unavuka. Mgonjwa anaharisha, lakini utumbo wake bado unaweza kunywa maji, mradi tu maji hayo yana chumvi na sukari.

Kwa hiyo elewa vizuri: maji ya chumvi na sukari hayazuii kuharisha mara moja. Kazi yake ni kurudisha kinachopotea. Mgonjwa ataendelea kuharisha, nawe utaendelea kumnywesha. Akitoa kikombe, mrudishie kikombe.

Mpaka lini? Seli za utumbo haziishi muda mrefu. Kila baada ya siku 3 hadi 5 hivi, za zamani hung'oka na mpya hushika nafasi. Seli zilizotiwa sumu huondoka zenyewe. Kazi yetu ni kumvusha mgonjwa mpaka siku hiyo.

Kuna magonjwa mengine ya kuharisha. Kwa watoto wadogo, kijidudu kiitwacho rota ni adui mkubwa. Tanzania ilianza kutoa chanjo yake mwaka 2013. Kwa magonjwa hayo pia, maji ya chumvi na sukari husaidia, kwa sababu mlango wetu huendelea kufanya kazi.

HABARI KUTOKA BANGLADESH

Je, mambo haya yamejaribiwa kwa watu? Ndiyo. Soma habari ya Bangladesh, nchi yenye mito mingi na mafuriko mengi.

Mwaka 1968, mjini Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash waliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji yenye chumvi na glukosi. Waliwapimia kinachotoka na kuwarudishia kiasi hicho hicho. Wagonjwa walihitaji maji ya dripu machache sana kuliko zamani.

Mwaka 1971 vilitokea vita vya kupigania uhuru wa nchi hiyo. Mamilioni ya watu walikimbilia India. Katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon kikazuka kipindupindu. Wagonjwa walilala sakafuni. Maji ya dripu yalikuwa yanakwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa wingi. Waliowanywesha wagonjwa hawakuwa wauguzi tu. Walikuwa pia mama zao, baba zao na ndugu zao. Kabla ya hapo, karibu wagonjwa 30 katika kila 100 walikuwa wanakufa. Kwa dawa hiyo, waliokufa hawakufika 4 katika kila 100.

Kisha ikaja kazi ya vijijini. Kuanzia mwaka 1980 hadi 1990, shirika la BRAC lilituma wanawake kwenda nyumba kwa nyumba. Walifundisha nyumba zaidi ya milioni 12. Somo lao lilikuwa rahisi: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, konzi moja ya sukari guru, na maji ya nusu lita hivi. Tena mwalimu hakulipwa kwa kusema maneno mengi. Alilipwa kwa kadiri kina mama walivyokumbuka somo alipokwisha kuondoka. Watu wengi katika nyumba zile hawakujua kusoma, lakini walijifunza na kuokoa watoto wao.

Duniani kote, miaka ya mwanzo ya 1980, kuharisha kuliua watoto zaidi ya milioni 4 kila mwaka. Leo vifo hivyo ni chini ya nusu milioni. Maji safi, vyoo na chanjo vimesaidia. Maji ya chumvi na sukari yamesaidia sana pia. Lakini hata mtoto mmoja ni wengi kwa mama yake.

JINSI YA KUTENGENEZA

Kama una pakiti ya ORS, tumia hiyo. Ni bora kuliko yote, maana ina pia potasiamu, ambayo mgonjwa huipoteza. Soma maandishi ya pakiti. Nyingi ni za lita 1 ya maji. Tumia kipimo kilichoandikwa. Usiongeze sukari. Usigawe pakiti moja mara mbili.

Kama huna pakiti, fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni.

2. Pima lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Chupa 2 za nusu lita ni lita 1.

3. Tia sukari vijiko vya chai 6. Futa juu ya kijiko kwa kisu ili kiwe sawasawa, kisiwe na kilima.

4. Tia chumvi nusu kijiko cha chai, nayo iwe sawasawa.

5. Koroga mpaka viyeyuke vyote.

6. Onja. Yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakizidi, mwaga na utengeneze mengine.

7. Funika. Yakikaa zaidi ya saa 24, mwaga. Tengeneza mapya.

Kwa nini tunasisitiza kipimo? Kumbuka ile kabichi. Chumvi au sukari ikizidi utumboni, itavuta maji kutoka mwilini na kuyatia utumboni. Mtoto ataharisha zaidi. Chumvi nyingi pia ni hatari kwa ubongo wa mtoto. Kwa sababu hiyo soda na maji matamu ya matunda havifai kuwa dawa ya kuharisha. Sukari yake ni nyingi na chumvi yake ni kidogo.

JINSI YA KUMNYWESHA

Mtoto wa chini ya miaka 2: robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuharisha.

Mtoto wa miaka 2 hadi 10: nusu hadi kikombe kizima kila baada ya kuharisha.

Mkubwa: kadiri anavyotaka.

Mnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Usikate tamaa. Sehemu kubwa ya maji aliyokunywa inabaki hata kama ametapika.

Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha, tena mara nyingi zaidi. Mtoto anayekula aendelee kula uji na chakula laini. Zahanati itampa pia vidonge vya zinki. Mtoto wa miezi 6 na zaidi hupewa miligramu 20 kwa siku. Wa chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10. Vidonge hutumika siku 10 hadi 14. Mmalizie vyote hata kama amepona.

"USIMPE MAJI, ATAHARISHA ZAIDI"

Katika nyumba nyingi utasikia bibi au shangazi akisema, "Mwanangu, usimpe maji huyo. Ataharisha zaidi. Acha tumbo lipumzike." Hasemi hivyo kwa ubaya. Anampenda mjukuu wake. Ameona kwa macho kwamba mtoto akinywa, anaharisha.

Mjibu kwa heshima. Mwambie, "Bibi, shikamoo. Ni kweli anaharisha. Lakini maji yanayotoka yanatoka mwilini mwake mwenyewe, hata asipokunywa. Tusipoyarudisha, atakauka kama mche usiomwagiliwa. Haya ya chumvi na sukari yana mlango wa kuingilia." Kisha mpe bibi kikombe na kijiko, amnyweshe yeye. Bibi ana subira. Akiwa upande wako, umepata muuguzi.

KIMBILIA ZAHANATI UKIONA HAYA

Macho yameingia ndani. Mtoto analia bila machozi. Utosi wa mtoto mchanga umebonyea. Ukifinya ngozi ya tumbo, inarudi polepole. Mtoto amelegea, au analala mno, au hawezi kunywa. Choo kina damu. Mgonjwa anaharisha maji mengi kama maji ya mchele.

Ukiona hata moja, usingoje asubuhi. Nenda, na njiani endelea kumnywesha kama anaweza kunywa. Aliyezidiwa anahitaji dripu, nayo hupatikana kwa wataalamu. Na kama ni kipindupindu, toa taarifa mapema kwa mhudumu wa afya na serikali ya kijiji, ili majirani wakingwe.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walishiriki katika vikundi, wakisikiliza redio na kusoma pamoja. Wengi walichimba vyoo. Wazee hao watakumbuka pia kipindupindu cha mwaka 1977 na 1978. Tena mwaka 2015 kilianza Dar es Salaam na kuenea mikoani. Kijidudu ni kile kile na sumu ni ile ile. Njia ya kukizuia pia ni ile ile: choo kitumike na kila mtu, maji ya kunywa yachemshwe, mikono inawiwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula, na chakula kilichopoa kipashwe moto.

Ndugu msomaji, sumu ya kipindupindu huingia kwa kushika mafuta ya ukuta wa seli. Hatuwezi kuyaondoa mafuta hayo, maana bila hayo hakuna seli. Lakini tunaujua mlango uliobaki wazi. Ufunguo wake uko jikoni kwako: kijiko, chumvi, sukari na maji safi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kwa nini chumvi na sukari haziwezi kuupenya ukuta wa seli zenyewe?

2. Mlango wa utumbo unataka sodiamu ngapi na glukosi ngapi kwa pamoja?

3. Mtoto amekunywa dawa na bado anaharisha. Je, dawa imeshindwa? Eleza.

4. Kwa nini soda haifai kumpa mtoto anayeharisha?

5. Ni nyumba ngapi kijijini kwenu zina pakiti za ORS leo? Nani atakwenda kuziomba zahanati, na lini?